Mama Yangu Ana Miaka Minane

Wiki iliyopita niliwaacha uani kwa masista, nimeketi nachambua maharage, na wifi yangu Naomie anaingia getini na begi la mwanangu kichwani. Najua mlibaki mnasonya. Mama mmoja wa soko la Manika alinisimamisha kati ya meza za nyanya, akaniambia, "Mignonne, weye unatuachaka roho juu, Mungu atakuuliza!" Basi mama, kaa vizuri, tunaendelea.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema upesi. Mimi ni Mignonne wa Kasulo, mtaa wa wachimbaji Kolwezi. Nilikuwa nauza lutuku, ile pombe kali ya mahindi, kwa vijana wanaotoka mashimoni na vumbi kooni. Muuzaji akawa mteja wake mwenyewe, na mteja huyo hakuondoka hata duka lilipofungwa. Kaka yangu Kitenge akanipandisha pikipiki, akanipeleka kule kwenye njia ya Nzilo, kwa masista wanaotibu kina mama walioshikwa na pombe. Wakati ninaowasimulia leo mikono ilikuwa imeacha kutetemeka na mashavu yalikuwa yamerudi. Nilikuwa karibu kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Na nina mtoto mmoja, Kabedi, wa miaka minane. Huyo ndiye mama yangu.

Msicheke. Kwetu Waluba, mtoto akibeba jina la mama yako marehemu, amekuwa mama yako. Humpigi ovyo, na akikuomba kitu unafikiri mara mbili kabla ya kukataa. Watu wengi huchukua jambo hili nusu utani, nusu heshima. Kabedi alichukua heshima yote, utani akatuachia sisi. Hajawahi kuniita mama. Ananiita Mignonne, mkono kiunoni, kama marehemu mwenyewe.

Nilipozidi kunywa, kaka Kitenge alikata shauri mbele ya majirani. "Mulevi hasikiaka mutu, ila mama yake tu. Na mama yake njo huyu hapa!" Akamnyanyua Kabedi juu. Watu wakapiga makofi.

Tangu siku ile nikawa na askari. Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za Kasulo, ina shimo ndani. Mwenye nyumba alilichimba jikoni akitafuta kobalti, akakuta udongo mtupu, akalifunika kwa mbao. Mimi nikaona ni mahali pazuri pa kuficha bidoni, dumu langu la lutuku. Kabedi alipogundua hakusema neno. Alivuta mkeka wake, akautandika juu ya zile mbao, akalala hapo. Ukitaka bidoni, mwamshe mama yako kwanza.

Mtaa mzima ulicheka. Nami nilicheka, na kusema kweli nilijivuna. Nani mwingine ana mtoto kama huyo?

Hata kwa masista hakuacha kazi. Kila Jumapili kaka Kitenge, aliyebaki naye, alipomleta kunitembelea, jambo la kwanza lilikuwa ukaguzi.

"Mignonne, fungua kinywa. Pumua."

Nilipumua.

"Umekula kitunguu," alisema. "Bien. Kitunguu inaruhusiwa."

Mama Simone, mwenzangu wa chumba, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Yeye wanawe hawakuja kumwona, kwa hiyo Kabedi alimkagua pia, bure.

Haya, turudi kwa Naomie.

Naomie ni dada wa marehemu mume wangu Muteba. Alikuja kutoka Musumba, mbali huko, na ninyi mnaijua ile barabara. Mtu hapandi lori la Musumba kwa ajili ya kusalimia.

"Karibu, belle-sœur," nilisema, nikasimama na maharage yakamwagika.

"Sikuje kukaribishwa," alijibu. "Kamion inarudia kesho, lundi. Mutoto wa ndugu yangu anaenda na mi. Atakula mihogo ya shamba, atakuwa na nyama ku mashavu. Hataikala tena ku Kasulo na vumbi yenu na lutuku ya mama yake."

"Nimeacha lutuku."

"Umeacha kwa sababu hapa hakuna. Hata mi niko naacha kula samaki kama mutoni hakuna samaki."

Nikainama, nikaanza kuokota maharage. Wifi huyu tangu arusi yangu ananikosesha jibu.

Hapo kaka Kitenge aliingia nyuma yake. Kwa mkono mmoja alimshika Kabedi, kwa mwingine alibana kuku mweupe kwapani. Alikuwa amevaa koti la arusi, na jua lile! Nikajua kaka amepata wazo, na mawazo ya kaka huja yamevaa koti.

"Hapana kuvutana," alisema. "Siye tuko na mila. Mignonne alikosea nani? Alikosea mama yake. Mama yake eko wapi?"

Sote tulimtazama Kabedi. Alikuwa anakula kitumbua.

"Donc," aliendelea kaka, "Mignonne atapiga magoti na kuku, ataomba pardon. Mama akikubali, atamupaka udongo ya mpemba ku uso, atasema mbele ya batu: mi narudia na mutoto wangu ku nyumba. Akikatala, atapanda kamion. Kile Kabedi atasema, kimekwisha."

Naomie alifikiri. Ni mwanamke mgumu, lakini jina kwao pia ni jina.

"Kile atasema, kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Nakubali. Mais mutu asimufundishe maneno."

"Mutu anaweza kufundisha mama?" kaka aliuliza, akacheka peke yake.

Wasomaji wangu, nataka mjue nilivyokuwa moyoni. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeona karata za mwenzake, kwa sababu Kabedi alikuwa amenikonyeza. Alinisogelea, akaniambia sikioni, na sukari ya kitumbua ikanibaki shavuni: "Usiogope, Mignonne. Mi nitasema oui."

Basi imekwisha! Nimeshinda! Mama Simone alipoona uso wangu alianza kucheza pale pale, bila ngoma.

Sista Wivine alitoka jikoni, mikono ina unga. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile, mwanamke mfupi, mpole, na upole wake unauma kuliko fimbo. Alisikiliza habari yote hadi mwisho.

"Munaweka nyumba mbili juu ya kichwa ya mutoto mumoja," alisema.

"Ma sœur, si mutoto, ni mama," kaka alijibu.

"Nimesikia." Akanigeukia. "Mignonne, kazi yako ya leo umefanya?"

Niliangalia chini. Masista wana sheria. Kila Jumapili, mama mgonjwa lazima amfanyie mwanawe jambo moja kwa mikono yake. Amwogeshe, au amlishe, au amsuke. Wenzangu wote walikuwa wanafanya. Mimi kila Jumapili nilishindwa, kwa sababu Kabedi alikataa katakata. Alisema mama hasukwi na mtoto wake.

Lakini siku ile Sista Wivine alimtazama Kabedi kichwani, akatikisa kichwa chake taratibu.

"Mama Kabedi," alisema, "weye utaikala ku kiti mbele ya bakubwa na nywele ile?"

Kabedi akajigusa kichwa. Akafikiri.

"Bien," alisema. "Juu ya cérémonie tu."

Akaja akaketi chini, kati ya magoti yangu. Nikachukua kitana. Jamani, ni lini mara ya mwisho nilishika kichwa cha mwanangu? Kichwa kilikuwa cha moto kwa jua, kinanuka moshi na mafuta ya mise, yale ya mbegu za mchikichi. Nikasuka mstari wa kwanza, vidole vikakumbuka vyenyewe. Naye alikuwa ananiamrisha: usivute, usilegeze, nenda mbele, rudi nyuma.

Kwenye mstari wa pili amri zilikwisha. Nikainama nimtazame. Alikuwa amelala.

Alilala kinywa wazi, udenda unanilowesha paja. Kaka Kitenge akaongea kwa sauti, hakuamka. Kuku akapiga kelele, hakuamka. Mama Simone akaangusha sufuria, sufuria nzima na kifuniko chake, hakuamka.

"Analalaka vile?" Sista Wivine aliniuliza polepole.

"Hapana, ma sœur. Huyu hata panya ikipita anaamka."

Sista alirudi jikoni.

Nami sikusuka tena, niliogopa kumwamsha. Nilikaa tu, mguu umekufa ganzi, nikiwa na raha ambayo siwezi kuwaeleza. Niliwaza nitampikia nini tukifika nyumbani.

Alipoamka, aliamka kwa kushtuka. Kabla ya kufungua macho vizuri, alipapasa chini kwa viganja, huku na huku, haraka haraka. Sikuelewa anatafuta nini. Kisha nikaelewa. Alikuwa anatafuta mbao.

"Nimelala?" aliuliza.

"Umelala, mama. Umelala muzuri."

"Weye ulitoka, ulienda fasi?"

"Sikuende fasi. Niko hapa."

Akapumua. Akajirudisha kati ya magoti yangu, akanipa kichwa niendelee.

"Mignonne, tukirudia ku nyumba, nitalala tena juu ya mbao. Mais utanipatia matelas, hata godoro ya zamani? Zile mbao zinaniumaka ku mubavu."

"Nitakupatia."

"Na utaenda kuongea na mwalimu. Alikuwa ananipiga juu ya kusinzia. Mi nilimuambia, mutu wa kazi ya usiku anasinziaka mchana, njo vile. Hakusikia."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mlinzi wa kampuni anayezungumza na mwenzake zamu ikibadilishwa. Alikuwa amekwisha kubali. Alikuwa anapanga tu namna ya kuendelea.

Niliweka kitana chini. Niliona haya, tena haya ya kuumiza. Kasulo nzima tulicheka, na huyu mtoto hakuwahi kulala.

"Batu banatungojea," kaka Kitenge aliita. "Mama Kabedi, kuja ku kiti!"

Viti vilipangwa. Kabedi alipanda kiti kikubwa, miguu haifiki chini, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine nywele zimesimama. Kaka alimpa kisahani cha mpemba, ule udongo mweupe wa baraka. Naomie aliketi mbele, begi kati ya miguu. Masista na kina mama wote walikuja, maana Jumapili pale hakuna sinema.

Nikapiga magoti na kuku wangu. Kaka alihutubia. Alianza na babu zetu, akapita mto Lualaba, akafika Kolwezi amechoka, akamaliza kwa kusema: "Mama, mutoto wako njo huyu. Utamujibu nini?"

Kabedi alichovya kidole kwenye mpemba. Alinitazama, akatabasamu, akafungua kinywa.

"Usijibu," nilisema.

Wote waliokuwapo wakanigeukia. Hata kuku aligeuza shingo.

"Mignonne," Mama Simone alininong'oneza, "umepata lutuku wapi?"

Nikasimama.

"Yaya Kitenge, kaka yangu, unisamehe. Mi sitaomba pardon kwa mutoto nilizala mi mwenyewe, kusudi aendelee kunichunga. Kabedi, jina ya mama ni yako, utaibeba, mutu hatakunyanganya. Mais ile kazi ya mama, unirudishie. Leo hauko na neno ya kusema. Bakubwa njo batasema."

Kidole chake cheupe kilibaki hewani.

"Unanifukuza ku kazi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nilifanya mubaya gani?"

"Hakuna mubaya. Ulitumika muzuri kupita batu bote. Sasa uko retraitée, upumzike."

Watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri, uso umekunjamana.

"Hata kukunusa kinywa?"

"Hata kuninusa."

"Na mbao?"

"Hata mbao. Hautalala tena pale. Hata siku moja."

Akamtazama mjomba wake, akamtazama shangazi yake, akaona hakuna anayemwambia hapana. Akapangusa mpemba kwenye gauni lake la Jumapili.

"Basi naweza kuenda kuruka kamba?"

"Enda."

Akateremka kitini. Alitembea kidogo, kwa heshima, kama mtu mkubwa anayetoka mkutanoni. Kisha akakimbia.

Kaka Kitenge alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mignonne! Ulikuwa umeshinda! Mutoto alikuwa anataka kusema oui! Hata kuku ilikuwa inajua!"

"Najua, yaya."

"Sasa?"

Sasa Naomie alisimama. Alilitwaa begi, akaliweka kichwani bila haraka.

"Tulikubaliana kinywa moja," alisema. "Kinywa ile umeifunga weye mwenyewe. Basi mutoto anaenda na mi."

Nilijua lilikuwa neno la haki. Nilikuwa nimeitupa karata yangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, na koti la kaka.

"Belle-sœur, uliza mi. Mi njo mama yake."

"Bien. Nakuuliza. Siku utasikia ile kiu yako, nani atalala juu ya zile mbao?"

"Nitafukia shimo. Siku ile ile nitafika."

"Kasulo nzima ni mashimo, Mignonne. Utafukia yote?"

Nilimtazama Sista Wivine aniokoe. Sista alikuwa anatazama kucha zake. Mngemwona!

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya watu wengi kwa ufundi mkubwa, mnajua. Lakini nyuma ya nyumba nilisikia kamba inapiga chini, na mtoto mmoja anacheka, na cheko lile sikulitambua mara moja.

"Sijui nani," nilisema. "Siwezi kukuahidia kama kiu haitarudia. Najua kitu moja tu: si Kabedi."

Naomie, begi kichwani, aligeukia upande wa ile kamba. Kisha akaliteremsha. Akaketi. Akavua kandambili, akazipanga vizuri chini ya kiti, kama mtu aliyefika kwake.

"Mi niko mutu muzito," alisema. "Unaniona. Nikilala juu ya mbao, hata weye na yaya yako pamoja hamutaniinua."

"Unasema nini?"

"Nasema kamion iende bila mi. Mihogo yangu itaningojea, ao nguruwe itaikula, shauri yao. Nitakuja kuikala kwako."

Jamani!

Naomie nyumbani kwangu! Naomie aliyekuja kwenye arusi yangu amevaa nguo ya matanga! Naomie anayeimba nyimbo za kanisa kabla jogoo hajaamka, beti zote, na kurudia! Naomie aliyeionja bukari yangu, yaani ugali, mara moja tu, akauliza kama ni ya kula au ya kubandikia karatasi ukutani. Mama huyo akalale jikoni kwangu, juu ya shimo langu, kila siku ya Mungu?

"Mpaka lini?" niliuliza, sauti imekonda.

"Mpaka nitachoka. Na mi sichokake bwepesi." Aliligusa begi kwa kidole cha mguu. "Ni vile, ao mutoto anapanda kamion lundi. Chagula."

Mama Simone alinivuta nguo. "Panda weye kamion," aliniambia sikioni. "Uwaache bo baikale."

Kaka alivua koti, akalikunja. Mawazo yalikuwa yamemwishia, koti na vyote. Kuku aliyekuwa mkononi mwangu alijichomoa, akaenda zake, hakuna aliyemfuata.

Macho yangu yalimtafuta Kabedi, kwa mazoea tu, anijibie. Nilimwona pembeni mwa nyumba, ndani ya kamba, amenipa mgongo. Nywele za upande mmoja zilikuwa zinarukaruka naye. Nilingoja ageuke. Hakugeuka.

Watu wote uani walinikodolea macho, na Naomie mbele yao, miguu peku, anangoja. Swali lilikuwa la mama wa Kabedi, na mama wa Kabedi ni mimi. Jibu nililompa, mama wa Manika, ngoja wiki ijayo.